Uongo Mmoja kwa Kila Kipindi

Mwalimu aliyenifundisha fizikia ya tuisheni alinidanganya kila siku aliyonifundisha, na leo anamdanganya binti yangu. Nampeleka mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Ndiyo njia yake ya kazi. Katikati ya mambo ya kweli huchomeka jambo moja lisilo la kweli, kwa sauti ileile na uso uleule wa mzee wa kanisa anayesoma matangazo, kisha hunyamaza kidogo na kungoja. Kazi ya darasa ni kuukamata uongo huo. Ukikamatwa, watoto wanarudi nyumbani wakiruka. Usipokamatwa, Mwalimu hupangusa chaki vidoleni na kusema, "Leo mmeondoka na nyoka mfukoni. Mtafuteni wenyewe." Hasemi ni mfuko upi.

Nayatanguliza haya kwa sababu wiki chache zilizopita binti yangu, ambaye yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa unamkodolea macho, aliinua uso kutoka kwenye sahani yake akasema, "Baba, siku hizi Mwalimu anatoa miwili."

"Miwili nini?"

"Uongo."

"Ameongeza dozi. Mtihani umekaribia."

"Hapana. Ule wa pili hajui kama ameutoa."

Mama yake akaweka kijiko chini. Mke wangu ni muuguzi, na wauguzi huweka vitu chini kwa namna yao. Akaniuliza mzee ana umri gani sasa, nikasema sijui, akasema yeye anajua. Kisha akatoa uamuzi: "Ama umwambie, ama mtoto ahamie kile kituo cha mjini chenye projekta. Moja kati ya hayo mawili. Na usiniandikie insha."

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu, ya kumwambia mtu mmoja jambo moja. Asiyemjua mtu huyo ataona ni kazi ndogo. Ngoja basi nimweleze.

Anaishi Ilemela, kule juu kwenye mawe, ambako nyumba hupenyezwa kati ya jabali na jabali kama jino la ukubwani. Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe lililonyooka upande mmoja, refu kuliko mtu, na upande huo kaupaka rangi nyeusi. Huo ndio ubao. Wanafunzi wanakaa kwenye mabenchi chini yake, migongo yao ikilielekea ziwa, jambo ambalo Mwalimu alilipanga makusudi, maana ziwa lina mambo mengi ya kutazama kuliko yeye. Mvua ikinyesha hakuna kipindi, na ikishakatika hakuna kipindi vilevile mpaka jiwe likauke. Anajivunia kwamba ni ubao pekee mkoani usioweza kupewa uhamisho. Rangi ananunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye watoto wake wote walipitia kwenye jiwe, na sasa wajukuu. Wazee hao wawili hubishana juu ya ubora wa rangi kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu, mimi niliyezaliwa nacho.

Kabla ya kufundisha alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka kwenye vituo vya kununulia pamba, na baadaye kwenye viwanda vya samaki, akiwa na sanduku la mawe ya kupimia. Siku moja, katika kituo ambacho hakupata kukitaja jina, aliwakuta wakulima kwenye foleni ndefu na mizigo yao, na mzani umening'inia mbele yao. Sindano ilikuwa imelala nyuma ya sifuri kabla hakijawekwa kitu. Kila mtu aliiona. Akina mama waliiona, wazee waliiona, karani aliiona vizuri zaidi. Hakuna aliyesema, kwa sababu karani alikuwa amevaa tai, na alikuwa shemeji wa mtu, na jua lilikuwa kali, na kila aliyekuwa nyuma alidhani wa mbele yake atasema.

"Nilikwenda kukagua mzani," Mwalimu hupenda kusimulia, "nikakuta springi zilizolegea ni za watu."

Aliurekebisha mzani kwa dakika chache. Watu, anasema, hakuona pa kuwafungulia. Haikupita muda akaacha kazi ile, akaingia chuo cha ualimu akiwa na umri ambao wenzake walikuwa tayari wana watoto watatu. Alifundisha shuleni miaka mingi, akastaafu, na jiwe likaanza kufanya kazi asubuhi na jioni.

Mimi nilimkuta angali shuleni, akifundisha tuisheni za jioni. Mtu wa kwetu akifundishwa, huitikia. Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" na darasa zima linajibu, "Ndiyooo!" kwa sauti inayoweza kufukuza kunguru, na hapo ndipo elimu inapoishia. Yeye aliupiga marufuku wimbo huo. Ukijibu ndiyo, unakabidhiwa chaki: njoo utueleze basi. Nililijua somo hilo la chaki kuliko mwanafunzi yeyote wa kizazi changu. Nilisimama mbele nikielezea mambo niliyoyaelewa kwa kichwa kutikisika tu, na yeye akiwa amekaa kwenye benchi langu, akiuliza maswali ya kijinga kwa uvumilivu mkubwa.

Uongo uliotukuka kuliko wote alioniuzia ulikuwa wa mtumbwi. Alisema mtumbwi huelea vizuri zaidi kwenye kina kirefu, kwa kuwa huko maji yanayoubeba ni mengi zaidi. Ilikuwa hoja tamu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri na kuipigia mstari. Msichana mmoja wa Ukerewe, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu muhula uanze, alinyoosha mkono akasema kwao mtumbwi hauulizi chini kuna nini. Mwalimu alimpigia makofi peke yake, kwa muda mrefu kiasi cha kuwaaibisha wengine. Mimi dakika hiyo nilikuwa nimetumwa nje kuleta maji ya kufutia ubao, kwa hiyo makofi nikayasikia lakini sababu yake nilikuja kusimuliwa miaka mingi baadaye. Niliuamini mtumbwi ule mpaka chuo kikuu, ambako kwa bahati njema ya taifa nilisomea fasihi.

Ana misemo yake. "Shikamoo ziishie getini," huwaambia wanaokuja kwa mara ya kwanza. Getini unamwamkia kama mzee, anaitika marahaba kwa uzito unaostahili, anakuuliza hali ya nyumbani. Ukishakaa kwenye benchi, unatakiwa umbishie. Watoto wa kwetu hilo huwatoa jasho kuliko hesabu zenyewe. Nimeona mvulana mkubwa mwenye ndevu akitetemeka kwa kuwa jiwe limeandikwa kosa na yeye ndiye aliyeliona.

Wazazi nao huja kulalamika. Mmoja alifika na suti yake kamili nikiwa pale.

"Mwalimu, mwanangu amenibishia mbele ya wageni!"

"Pole sana. Alikuwa sahihi?"

"Hilo si swali."

"Mimi hilo ndilo ninalolifundisha. Alikuwa sahihi?"

Yule baba akatazama ziwa. "Kuhusu pasi ya umeme, ndiyo."

"Basi mnunulie soda, na wewe ununue pasi nyingine."

Kuhusu lugha ya mtihani, ambayo ni Kiingereza, ana utaratibu wake. Jambo kwanza linaelezwa kwa Kiswahili, na likigoma, kwa Kisukuma au Kijaluo au chochote alicho nacho mtoto. Watoto wakishalishika na kulitania na kulitafutia mfano wa jikoni kwao, ndipo anasema, "Haya, sasa tulivishe sare, liende shule." Anawaonea huruma walimu wanaoanza na sare. Wanafundisha nguo, anasema, na mtoto anafika kwenye mtihani akiwa amebeba shati lisilo na mtu ndani.

Msidhani namchora malaika. Huyu mpenda kubishiwa, ukimbishia juu ya mapishi ya samaki wa sato, urafiki umekwisha. Anaamini sato huchemshwa kwa chumvi na nyanya tu, na mtu atakayetia viungo ni mtu wa kuangaliwa. Juu ya mpira wa miguu hasikii ushahidi wa aina yoyote, hata wa video. Na radi! Ameeleza radi kwenye jiwe lile vizuri kuliko nilivyosikia ikielezwa mahali popote, chaji kwa chaji, lakini wingu likinguruma hukimbilia ndani na kufunika kioo cha kabati kwa khanga. Nilimkuta mara moja akifanya hivyo. Akasema ni mkewe ndiye anayeamini mambo hayo. Mkewe akajibu kutoka jikoni, "Mimi nimeshika sufuria, Mwalimu. Khanga iko mkononi mwa nani?"

Sokoni Mkuyuni anajulikana kwa tabia moja. Hatazami nyanya wala vitunguu kabla hajatazama sindano ya mzani.

"Mwangaluka, Mwalimu!" mwuza nyanya mmoja humwamkia kwa Kisukuma akimwona kwa mbali. "Njoo, leo sifuri yangu imelala kama mtoto!"

"Jana ilikuwa imelala wapi?"

"Jana hukuja, Mwalimu. Sifuri nayo ina siku zake."

Wanacheka wote, wanachagua nyanya, lakini nimeona kwamba akishaondoka yule mama huitazama tena sindano yake.

Huyo ndiye mtu niliyetakiwa kumwambia. Ugumu wake naona sasa unaeleweka. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha watu kusema palipokosewa, sasa amekosea, na watu wote aliowafundisha wamekaa kimya. Na wamekaa kimya kwa sababu nzuri kabisa: kila kosa lake lina pa kujificha. Akiandika jambo la ajabu kwenye jiwe, watoto wanatazamana na kutabasamu. Huo ndio uongo wa leo. Wakikutana na la pili wanasema mzee kachangamka. Mtihani ungewakuta na nyoka ambaye hata aliyemweka hamjui.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na binti yangu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na jiwe lilikuwa bado linang'aa maji, kwa hiyo hapakuwa na kipindi, na Mwalimu alikuwa barazani peke yake akinoa penseli. Njiani nilikuwa nimejiandalia hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilimwamkia. Nikamuuliza hali. Nikauliza mvua. Nikauliza mguu wake uliowahi kuuma mwaka juzi. Nikasifu rangi ya jiwe. Mkewe akaleta chai, nikasifu chai. Nikazungumzia uzee kwa ujumla, kama jambo linaloipata dunia. Nikamsimulia habari za mjomba wangu mmoja aliyesahau jina la ng'ombe wake, na nilipofika mwisho nikagundua kwamba simulizi haina mafunzo yoyote.

Mwalimu alinisikiliza kwa adabu. "Pole kwa mjomba," akasema. "Na pole kwa ng'ombe."

Mkewe alikuwa bado amesimama mlangoni na birika. Hakuwa na sababu ya kusimama pale. Vikombe vilikuwa vimejaa.

Binti yangu akaweka kikombe chini, kama mama yake.

"Mwalimu, Alhamisi ulikosea mara mbili."

Yeye aliendelea, sauti yake ikiwa ndogo lakini imenyooka. "La kwanza ulisema waya mnene unapinga umeme kuliko mwembamba. Hilo tulilikamata. La pili ulisema taa zikifuatana kwenye waya mmoja, mkondo unagawanyika, kila taa inapata kipande chake. Lakini waya ni mmoja, Mwalimu. Mkondo ukigawanyika, utapita wapi?"

Mwalimu alitazama penseli. Nilimwona akizitundika taa zile kichwani mwake, moja baada ya nyingine, akiufuata waya kwa ncha ya penseli hewani. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Haugawanyiki," akasema.

"Ndiyo."

"Umejuaje kwamba halikuwa la makusudi?"

"La makusudi ukishalisema unanyamaza. Unatupa nafasi. Hili hukutupa nafasi. Na uliliandikia hesabu, Mwalimu, ukajaza jiwe mpaka chini. Uongo wako huwa huujengei nyumba."

"Imetokea Alhamisi tu?"

"Tangu tuanze umeme. Karibu kila kipindi."

"Na hamkusema."

"Tulidhani unatupima."

Hapo nikaona ni wajibu wangu kama mtu mzima kuokoa hali. Nikasema ni uchovu tu, Mwalimu, na joto la siku hizi, na hata mimi juzi nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa.

"Wewe," akaniambia bila ukali, "shida yako haikuwa ujinga. Ulikuwa na haraka ya kukubaliana. Hebu mwache mtoto, anafanya kazi."

Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichokatika njiani. "Nimewafundisha wasiniamini," akasema, kama anayemweleza mkewe, "wakajifunza vizuri mpaka wakaamini hata makosa yangu ni ya makusudi."

Mkewe akaja akakaa kwenye ukingo wa baraza. "Mimi nilijua mtakuja," akatuambia. "Sikujua mtachelewa hivi."

"Kumbe na wewe uliona?" Mwalimu akamuuliza.

"Unatia chumvi mara mbili kwenye sato wako huyo. Nimekula kimya tangu Pasaka."

Hilo nadhani ndilo lililomuuma zaidi. Binti yangu hakuinamisha kichwa, ingawa niliona vidole vyake vimeshikana chini ya meza. Mwishowe akauliza lile ambalo mimi na hotuba yangu tusingelifikia hata tungelala pale.

"Utaacha kutufundisha?"

"Ungetaka niache?"

"Hapana. Lakini nataka kufaulu."

"Jibu zuri," akasema. "Lina vipande viwili na vyote ni vya kweli." Akairudisha penseli mfukoni. "Basi tufanye hivi. Ule wa makusudi naustaafisha. Huu mwingine, usiotaka maandalizi, utatutosha. Siku zote mtakazokuwa mnaukamata, nafundisha. Siku mtakayoshindwa kuukamata, mama huyu atachukua jiwe lake."

"Nalisubiri miaka yote nianikie nguo," mkewe akasema, akammiminia chai ambayo hakuiomba.

Mke wangu alimpeleka Mwalimu kupimwa wiki iliyofuata, vipindi vikiwa vimesimama. Daktari alisema maneno marefu, ambayo yakivuliwa sare yanakuwa mafupi: ni usahaulifu wa uzee, unaanza, utakwenda kwa mwendo wake, na kazi ya kichwa isikatizwe ghafla. Baadhi ya wazazi waliposikia waliwahamisha watoto wao kwenye projekta, na siwalaumu. Mke wangu aliniuliza tunafanyaje. Nikamwambia aulizwe anayefanya mtihani. Akaulizwa, akasema yeye yuko kwenye benchi la mbele na haondoki, maana kuna kazi.

Jumatatu ya vipindi kuanza tena jiwe lilikuwa kavu. Niliomba kukaa nyuma kabisa, na Mwalimu akaniruhusu kwa sharti kwamba nisitikise kichwa. Watoto walikuwa wachache kuliko kawaida. Alisimama mbele yao na chaki, akiwa amechomekea shati vizuri kama siku ya ukaguzi.

"Kuanzia leo siwadanganyi tena," akawaambia. "Nitakosea. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Mwongo anajua alipouficha uongo wake. Mimi sitajua. Kwa hiyo tutatafuta pamoja, na mkiona, msinionee huruma. Huruma haina alama kwenye mtihani."

Akageuka, akachora waya, akatundika taa, akaanza kushuka na hesabu mstari kwa mstari. Hakuna aliyekuwa akinakili. Walikuwa wameinama mbele, midomo ikitembea, macho yakifuata chaki kama watu wanaomwangalia mtoto anayejifunza kutembea karibu na maji. Alipofika katikati ya jiwe mkono wa binti yangu ukapanda nusu. Akaangalia tena. Akapiga hesabu kwa kidole kwenye goti lake, akaushusha mkono.

"Lipo?" Mwalimu akauliza, bila kugeuka.

"Halipo, Mwalimu."

"Mna hakika?"

Walikuwa tayari wamerudi mstari wa kwanza, wanahakikisha.